Mkwe Asiye na Mbao

Solange Mogenier hahesabu watu. Anahesabu mbao. Nawaambia mapema, tena kwa sauti, ili mbele ya safari mtu asije akadai hakuelezwa.

Na msimcheke bado, ana sababu zake. Abiria ni kiumbe msumbufu. Ukisema mmoja, wawili, yule wa tatu ameinama anafunga kamba za viatu, wa nne amekimbilia dukani kutafuta soksi, na wa tano kumbe ndiye yule yule wa pili, kavua kofia tu. Mbao za kutelezea thelujini hazina tabia hiyo. Ukishazisimamisha kwenye kikapu cha chuma kilichofungwa mgongoni mwa basi, zinasimama hapo kwa adabu mpaka mwisho wa safari. Solange anatupa jicho kwenye kioo, anaona ncha zake zimechomoza, jozi nane, abiria nane, anatia gia. Nani mwenye akili timamu atapanda kijiji chetu cha mlimani, Montrivaz, mwezi wa pili bila mbao? Kwa misimu kumi na tisa hesabu hiyo haikuwahi kumwangusha, na kwa misimu hiyo kumi na tisa hatukupumzika kusikia habari zake.

Wakati wa joto Solange ni mtu wa ng'ombe. Anao kumi na wawili, wekundu wenye nyuso nyeupe, na jibini lake likipelekwa sokoni halifiki saa nne. Theluji ikianguka, ng'ombe wanabaki zizini na mwanawe Florentin, na Solange anapanda basi dogo la viti vinane kwenda kuchukua wageni uwanja wa ndege wa Geneva. Ni basi la pamoja. Maana yake unakaa na usiyemjua, unamngoja usiyempenda, na unazungushwa hoteli za watu wote kabla ya kufika yako. Wageni wananung'unika. Solange anawaambia, "Ndani ya basi langu hakuna bwana wala mtwana. Wote mnanuka soksi."

Mdogo wake Firmin ndiye anayeendesha gari la binafsi. Jeusi, viti vya ngozi, maji ya chupa, peremende za mnanaa kwenye kibakuli, na bango la kioo linalowaka jina la mgeni. Abiria mmoja, safari moja, mlango kwa mlango. Tena Firmin anavaa tai! Mtu ambaye mama yao alimzaa zizini, uchungu ulipomshika akiwa kwenye kukamua, leo ana tai ya hariri.

"Dada," humwambia wakikutana pale uwanja wa ndege, "leo umebeba mitumba mingapi?"

"Minane. Na wewe umebeba majivuno mangapi?"

"Moja tu. Lakini limekaa vizuri."

Basi ndivyo walivyo. Wakikosa kutaniana siku mbili, mmoja anampigia simu mwenzake kuuliza kama anaumwa.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Florentin alikuwa amemchumbia Liesbet, binti wa Ghent, kule Ubelgiji, aliyekuja kufanya kazi hotelini misimu miwili iliyopita na kuondoka na moyo wa kijana wa watu. Kupendana walishapendana. Shida ilikuwa waishi wapi. Liesbet alikuwa tayari kuhamia Montrivaz, lakini yeye ni mtoto pekee, baba yake alishafariki, na mama yake, Bi Godelieve, alikuwa hajasema ndiyo wala la. Alisema tu kwamba atakuja wiki moja, peke yake, aione hiyo milima na hao watu wake.

"Na akikataa?" Solange aliuliza.

Florentin alikuwa anaosha ndoo. Hakugeuka. "Akikataa, mama, siwezi kumtenga Liesbet na mama yake. Mimi ndiye nitakayehama."

Solange akakaa kwenye gogo. Mwana mmoja, zizi moja, ng'ombe kumi na wawili, naye magoti yake yalikuwa yameshaanza kutoa sauti. Ghent! Nchi iliyolala bapa kama chapati! Moyo ulimuuma kwelikweli, na kwa kuwa ni mtu asiyejua kuumwa kimyakimya, akaanza kumfokea paka.

"Nimefikiri," Florentin akasema paka alipokwisha kukimbia, "tumwombe mjomba Firmin akamchukue. Gari zuri, aje kwa starehe."

"Nani? Firmin? Mkwe wangu akae saa moja na nusu akilishwa peremende na kuambiwa uongo wa Firmin?"

"Mama, basi lako siku ya Jumamosi..."

"Basi langu lina nini? Nitamchukua mimi, nitamketisha mbele kando yangu, na mpaka tufike juu atakuwa amenijua na mimi nimemjua. Mwisho wa maneno."

Florentin akarudi kwenye ndoo zake. Nyumba ile, Solange akisema mwisho wa maneno, hata jogoo alikuwa anaelewa.

Jumamosi ikafika, tena Jumamosi ile mbaya ya katikati ya mwezi wa pili, nusu ya Ulaya inapanda mlima na nusu nyingine inashuka. Solange alisimama upande wa Ufaransa wa uwanja wa ndege na bango lake mkononi. Hakuwa na bango la kioo. Alichukua kifuniko cha boksi la jibini, cha mviringo, akaandika GODELIEVE kwa kalamu nene. Kifuniko kilikuwa bado kinanukia, na watu walimpa nafasi ya kutosha.

Akatokea mama mfupi, miwani ya duara, koti la kijivu, begi moja kubwa, na kichwani kofia ya kijani, ndefu, yenye unyoya. Si kofia ya kusahaulika. Iwekeni akilini, itarudi.

"Bi Solange? Nimekufuata kwa harufu," alisema kwa Kifaransa chenye lafudhi ya kwao, na hakucheka, hivyo Solange hakujua kama ni utani au ni tusi.

"Karibu sana, mkwe! Mbao zako ziko wapi?"

"Mbao za nini?"

"Za kutelezea."

"Bi Solange, nina miaka sitini na sita. Nikitaka kuvunjika mguu, nina ngazi nyumbani."

Solange akacheka sana, akacheka kupita kiasi, kama tunavyocheka mbele ya mkwe. Kichwani mwake hakikupita kitu chochote. Hapo ndipo hatari ilipopanda basi, wala haikuwa na tiketi.

Hesabuni nami. Walikuja vijana wanne wa Kiingereza, mbao jozi nne. Mume na mke wa Denmark, jozi mbili. Mzee mmoja wa Ireland, mtu wa kujipenda, alikuja na jozi mbili, za theluji laini na za theluji ngumu. Jumla mbao jozi nane. Na watu? Wanne, wawili, mmoja, na Bi Godelieve asiye na kitu. Wanane! Solange akatazama kioo, akaona nane, akaridhika. Hata shetani asingepanga vizuri zaidi.

Mpango wa kukaa na mkwe mbele nao ukavunjika palepale. Mmoja wa wale vijana alikuwa na uso wa rangi ya tango kabla basi halijaondoka, na barabara ya Montrivaz ina kona ishirini na mbili. Sheria ya basi la pamoja haina majadiliano, mwenye kichefuchefu hukaa mbele na kupewa mfuko. Bi Godelieve akapelekwa kiti cha nyuma kabisa, na begi lake kubwa kando yake.

"Samahani, mkwe! Tutaongea kwa sauti!" Solange akapaza.

"Sina wasiwasi," Bi Godelieve akajibu kutoka mbali.

Wakafika kijiji cha chini, mlima unapoanzia. Theluji ilikuwa inaanguka kwa wingi na askari wa barabarani alikuwa amesimamisha kila gari. Bila minyororo ya matairi, hakuna kupanda. Solange akashuka, akapiga magoti kwenye tope la barafu, akaanza kuhangaika na minyororo, akiitukana kwa majina ya ukoo. Abiria nao wakashuka kunyoosha miguu. Vijana wakarushiana theluji. Bi Godelieve akavua kofia kwa joto la mle ndani, akaiweka juu ya begi, akachukua mkoba wake, akashuka taratibu na kuvuka barabara kwenda kwa mwoka mikate. Alitaka choo, na kwa heshima asiingie mikono mitupu nyumba ya watu, akaona anunue na keki.

Dakika kumi baadaye Solange aliinuka, vidole havimsikii, maji ya barafu yameingia mpaka kiunoni.

"Bi Solange!" askari akapiga filimbi. "Ondoa basi, umeziba njia!"

"Naondoa, baba, usinitoboe masikio! Haya, pandeni, pandeni!"

Akaingia. Akatazama kioo. Mbao nane. Akatazama kiti cha nyuma kupitia mvuke na vichwa vya watu. Kofia ya kijani, imekaa wima, imetulia. Akatia gia.

Mtauliza, na wale abiria wengine macho yao yalikuwa wapi? Wale walimwona vizuri sana. Walimwona mama akishuka na mkoba wake, akavuka barabara, akaingia mahali, akafunga mlango. Na katika basi la pamoja kila mtu hushuka kwake. Wakadhani amefika. Mke wa Denmark hata alimpungia mkono.

Basi likaanza kupanda, na Solange, aliyekuwa amengoja nafasi hii wiki tatu, akafungua mdomo.

"Mkwe! Unaona ule mnara? Ndipo nilipobatizwa!"

Kofia ikatikisika kidogo kwenye kona.

Solange akachukulia ni kuitikia. Akaendelea. Akamweleza ng'ombe wote kumi na wawili, jina na tabia. Akamweleza kuhusu Firmin, na hapo hakubania. Kona ya tisa, kijana wa mbele akatumia mfuko. Kona ya kumi na moja, Solange akaona mkwe hajibu, akawaza moyoni, huyu mama ana maringo. Kona ya kumi na tatu akawaza, la, labda ameumia, labda nimemweka nyuma kama mzigo naye amenuna. Hofu ikamwingia. Na Solange akiingiwa na hofu husema ukweli, jambo ambalo halimtokei mara nyingi.

"Mkwe," akasema, sauti imeshuka, "sikiliza nikwambie. Mimi najifanya jabali, lakini sina mtu mwingine. Baba yake Florentin alituacha mtoto ana miaka minne. Nimemlea mimi, kwa jibini na kwa hili basi. Nikiamka nasikia anaongea na ng'ombe kule chini, basi najua siku imeanza. Akienda Ghent sitasema neno. Nitampakia mizigo mwenyewe. Lakini nitakuwa nimekwisha, mkwe. Naomba ujue hivyo tu."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Kijana wa Kiingereza, ambaye hakuelewa hata neno, akampa mfuko mpya.

Kofia ikakaa kimya.

Juu kukawa na shughuli ya kushusha. Hoteli ya kwanza vijana wanne, mbao nne. Ya pili Wadenmark, mbao mbili. Ya tatu mzee wa Ireland, mbao mbili, moja moja, na maelezo juu yake. Solange akafunga kikapu. Kikapu kilikuwa kitupu. Akasimama hapo akikitazama, na kitu kikamkuna kichwani. Kikapu kitupu, basi tupu. Lakini bado ana mgeni ndani. Hesabu ilikuwa inakataa kukaa.

"Ah, si hana mbao huyu," akajijibu, akacheka, akaenda kufungua mlango wa pembeni kwa madaha yote. "Mkwe wangu! Tumebaki wawili! Njoo mbele sasa."

Akakuta begi, na kofia juu yake.

Solange aliinua kofia. Alitazama chini ya kofia. Msiniulize alitegemea kuona nini. Akatazama chini ya viti, akatazama ndani ya kikapu cha chuma, akazunguka basi mara mbili kwa mbio. Kisha akakaa kwenye ngazi ya basi na kofia mapajani, akaelewa kwamba alikuwa amefungua moyo wake mbele ya unyoya.

Simu ikalia. Florentin.

"Mama, mmefika wapi? Mkwe wako anaendeleaje?"

"Vizuri," Solange akasema. "Anatazama mandhari."

"Mpe simu nimsalimie."

"Mandhari imemzidi, mwanangu. Hawezi kuongea."

Akakata, akageuza basi. Kilomita kumi na nne kushuka, kona zote ishirini na mbili, foleni ya magari ikipanda na madereva wote wakimpungia, na yeye peke yake akishuka na kofia ya kijani kwenye kiti cha mbele. Njia nzima alikuwa anajisema. Mjinga wewe. Uliombwa umwachie Firmin, ukakataa. Umemtupa mama wa watu barabarani kwenye theluji, na mwanao umemtupa naye.

Mwoka mikate alikuwa anafunga milango ya mbele.

"Mama mwenye miwani ya duara? Alikuwepo. Kanunua keki sita. Kakaa dirishani nusu saa, kanisaidia hata kupanga mikate. Halafu kaja kuchukuliwa na gari jeusi."

"Jeusi?" Solange akashika kaunta. "Dereva yukoje?"

"Amevaa tai."

Solange akafumba macho. Angeambiwa amechukuliwa na mbwa mwitu angepata nafuu kidogo.

Saa kumi na moja akaingia nyumbani kwake, kofia kifuani. Jikoni kulikuwa na joto, viazi vya jibini viko tanurini, na mezani walikaa watatu. Florentin, masikio yamemwiva kwa aibu. Bi Godelieve, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Na Firmin, amelegeza tai, uso unang'aa kwa furaha ambayo si ya kawaida kwa binadamu.

"Dada!" akasema. "Njoo ukae. Utakuwa umechoka, kumbeba mkwe mlima mzima."

"Firmin, nyamaza."

"Namwambia Bi Godelieve, dada yangu ni hodari. Misimu kumi na tisa hajapoteza hata ubao mmoja."

"Nimesema nyamaza!"

"Mimi nilikuwa na mgeni wangu, bwana wa Kiingereza na mbwa wake. Safari ya binafsi kabisa. Napita kwa mwoka mikate, naona mama wa heshima dirishani hana kofia, namuuliza, kumbe ni mkwe wetu. Bwana akakubali apande. Mbwa akakubali zaidi, kala keki nne."

"Kwa hiyo leo," Solange akasema, hata katika msiba hakuweza kujizuia, "na wewe umebeba basi la pamoja. Tena na mbwa."

Florentin akaangalia dari.

Bi Godelieve akaweka kikombe chini. "Bi Solange, nina swali moja. Unahesabuje abiria?"

Solange angeweza kusema lolote. Askari, theluji, mvuke kwenye kioo. Kwa miaka yote niliyomjua sijawahi kumwona akikosa kisingizio.

"Nahesabu mbao," akasema.

"Mbao?"

"Mbao hazitembei."

Bi Godelieve akamtazama. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha miwani, kisha meza. Alicheka mpaka ikabidi Florentin ampe maji, na alipopata pumzi akasema:

"Mimi nimefundisha watoto wadogo miaka thelathini na tatu. Kule kwetu tukiwapeleka matembezini wanashika kamba yenye vishikizo, kila mtoto na kishikizo chake. Siku moja tunarudi kutoka bustani ya wanyama, mimi nahesabu vishikizo. Kumi na nane, sawa, twende. Kufika shule naona watoto kumi na saba. Wa kumi na nane nimemwacha kwa pengwini."

"Mungu wangu!" Firmin akasema.

"Alikuwa mtoto wa meya."

Hapo hata Solange akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akaweka kofia mezani. Yale maneno mazuri yote aliyoyamwaga kona ya kumi na tatu aliyatafuta, hakupata hata moja. Yalikuwa yamekwenda kwenye unyoya. Kilichotoka kilikuwa kidogo na hakina mapambo.

"Usinichukulie mwanangu, Bi Godelieve."

Florentin akasema "Mama" polepole. Firmin akavua tai kabisa, akaiweka mfukoni.

"Na mimi?" Bi Godelieve akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wangu akija huku, mimi nabaki na nani? Liesbet ameniambia habari zako. Kwamba wewe unajua kila kitu, unafanya kila kitu, hukosei. Nikawaza, mwanangu anaingia nyumba ya mtu asiyekosea, nikienda kumwona nitakaa wapi? Hawataniona hata nikiwepo. Nilikuja na jibu langu kwenye mkoba, Bi Solange. Lilikuwa hapana."

Solange akaitazama ile kofia mezani. Kutomwona hata akiwepo ndicho alichokuwa amekifanya mchana ule.

Wiki hiyo hawakulizungumza tena. Bi Godelieve alijifunza kukamua, akapigwa teke mara moja tu, kisha akamtungia ng'ombe huyo wimbo wa watoto. Ijumaa Solange alipanda darini akashusha mbao za marehemu mama yake, za mti mtupu, nzito, zimeliwa na wadudu kwenye ncha. Akazisugua, akachukua rangi ya kijani iliyobaki kwenye madirisha, akaandika jina la Godelieve upande hadi upande.

Jumamosi asubuhi Firmin alisimama mlangoni na gari lake jeusi limeoshwa.

"Bi Godelieve, nakupeleka bure. Peremende zipo."

"Asante, Firmin. Na mbwa yupo?"

"Hayupo."

"Basi napanda la pamoja."

Solange akazileta zile mbao. "Hizi zako, mkwe. Si za kutelezea."

"Za nini basi?"

"Za kuhesabiwa."

Akazisimamisha kwenye kikapu, katikati ya zile za wageni, zikachomoza juu kuliko zote, mbaya kuliko zote. Bi Godelieve akazitazama, akapangusa miwani ambayo haikuwa na mvuke, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Walipofika kijiji cha chini Solange alisimamisha basi bila sababu yoyote, akatazama kioo, kisha akageuza kichwa kizima akaangalia watu.

Geneva, Solange akazichomoa zile mbao ampe. Bi Godelieve akamshika mkono.

"Ziache hapo hapo. Liesbet anakuja mwezi wa tano na vyombo vyake. Mimi nitakuja baada yake, na nitataka kukuta nafasi yangu."

Solange akamkumbatia mbele ya foleni nzima ya mabasi, na Firmin, aliyekuwa nyuma kwenye gari lake jeusi, akapiga honi mpaka akafukuzwa.

Mbao zile ziko kwenye kikapu mpaka leo, na hesabu ya Solange imeharibika moja kwa moja. Kila Jumamosi anatazama kioo anapata tisa. Anashuka, anafungua mlango, anahesabu vichwa kwa kidole, anapata wanane, anainama chini ya viti, anarudi kuangalia kikapu. Abiria wanaanza kutazamana.

"Kuna mtu amepotea, mama?" mmoja akamuuliza wiki iliyopita.

Solange akaona lile jina la kijani kwenye ubao, akapiga paji la uso.

"Hakupotea," akasema, akaketi na kuwasha gari. "Wa tisa yuko Ghent, anakuja."